Mkandaji na swali la fainali

Alikuwa akisalimia kwa mikono miwili. Mmoja ulishika kiganja chako, mwingine ulipanda taratibu mpaka juu ya kifundo cha mkono, na kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani alikuwa amekwisha kujua kama ulilala vizuri. Wasiomzoea waliudhika. Mama mmoja muuza mboga aliuvuta mkono wake akamwambia, "Papa, miye nauzisha lengalenga. Mukono siuzishe."

"Mukono niliusikia bure," akajibu. "Iko na uchovu, mama. Bon, lengalenga nipe mafungu mbili."

Kwa miaka kumi na sita alikuwa mkandaji wa timu yetu ya mpira hapa Lubumbashi. Mimi nilikuwa mjumbe wa timu, yule anayekaa na wakubwa wa ligi na kulitetea jina la timu mbele yao. Wachezaji walimwita Papa Mukandaji. Mimi nilimwita Mukubwa, maana alinizidi miaka kumi na kitu. Yeye aliniita Delege, yaani mjumbe, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoiacha kazi ile. Ninaandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na pia kwa sababu kuna swali moja alilolibeba miaka mingi ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa vizuri na mtu mwingine yeyote.

Mikono yake haikujifunzia kwenye miguu ya watu. Ilijifunzia kwenye reli. Ujanani mwake alipaka mafuta ekseli za mabehewa, na treni iliposimama kituoni alitembea kando yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akigusa kila kasha la ekseli kwa nyuma ya mkono. Ekseli iliyokaukiwa na mafuta hushika moto kwa ndani, na ikiachwa hivyo inakatika njiani. Behewa lililo zima alilichora alama ya chaki. Lisilo na chaki halikuondoka, hata kama ndani yake kuna mizigo ya mkubwa gani.

"Moto unaanza ndani," alipenda kusema. "Moshi unakuya nyuma. Ukingoja moshi, uko unangoja kilio."

Alipokuja kwetu alileta utaratibu uleule. Chaki haikai kwenye ngozi, kwa hiyo alichana shuka kuukuu ya nyumbani kwake, akapata vitambaa vyembamba vyeupe. Jumapili asubuhi, kabla ya mechi, alipita kwa kila mchezaji, akamshika paja, shavu la mguu, kisigino. Aliyekuwa mzima alifungwa kitambaa kwenye kifundo cha mguu, chini ya soksi. Asiye na kitambaa hakupewa jezi. Makocha walibadilika watatu katika miaka ile, na wote watatu waliikubali sheria hiyo, ingawa mmoja wao aliikubali kwa kununa.

Mafuta yake yalikuwa ya karanga, si mengine. Aliyapasha moto kidogo, na chumba chote cha kubadilishia nguo kikanuka kama jiko la asubuhi. Wapinzani walilijua jambo hilo. Tulipoingia uwanjani walianza kutuimbia wimbo wa mandazi, "Bitumbula binafika, nani iko na chai?" Wachezaji wetu vijana waliona haya, wakamwomba abadilishe apake ile dawa ya duka la dawa, yenye harufu kali inayotoa machozi.

"Ile inachoma ngozi," aliwaambia. "Ngozi ikichoma, mikono yangu itasikia nini? Itasikia dawa. Acheni baimbe. Kitumbula ni chakula."

Mpira wenyewe hakuuangalia. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao kandokando ya mstari, akatazama miguu tu. Siku moja tulishinda mabao matatu, mji mzima unapiga kelele, nikamwuliza goli la pili alilifunga nani, maana mimi nilikuwa nimeinama. Alifikiri. "Ule mwenye muguu wa kushoto mufupi," akasema. Ilinichukua siku mbili kumjua ni nani, na kweli, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, hata mama yake hakuwa akijua.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwadharau watu wanaoleta dawa za kufukia golini, akiwaita wezi wa asubuhi, lakini yeye mwenyewe hakuthubutu kuanza kumkanda mtu kwa mguu wa kushoto. Ukimwuliza sababu alisema, "Hakuna sababu. Anza na wa kuume." Alisema yeye si daktari, halafu akaenda zahanati kumsahihisha muuguzi namna ya kufunga bandeji. Alisali misa ya kwanza kila Jumapili, na baada ya misa alimngoja padri uani ili amwulize mambo ya mpira.

Hapo ndipo swali lake lilipo, na lazima nilieleze vizuri.

Ligi yetu ni ya timu za mitaa. Timu zimegawanywa katika makundi mawili, na mwisho wa msimu, aliye wa kwanza katika kundi moja anakutana na wa kwanza wa kundi la pili. Hiyo ndiyo fainali ya mji, na ina kikombe. Lakini safari haiishi pale. Baadaye kuna mchujo wa jimbo, na mji wetu unapeleka timu nne. Mshindi wa fainali ana nafasi yake, hakuna wa kumbishia. Nafasi tatu zinazobaki zinagawiwa na kamati ya ligi, watu saba wanaokaa Jumatatu, siku moja baada ya fainali, wakitazama kila timu imepoteza mechi ngapi na inacheza namna gani.

Sasa fikiri. Timu iliyoshika nafasi ya pili katika kundi haichezi fainali. Jumapili ile wachezaji wake wako nyumbani, wamenyoosha miguu, wanakula bukari, ugali wetu, na samaki, na mechi walizopoteza haziongezeki. Lakini yule wa kwanza, aliyewashinda wote, anaingia uwanjani, na akipigwa anafika mbele ya kamati na doa ambalo yule wa pili hana. Je, fainali inaisaidia timu kuufikia mchujo, au inaiharibia?

Watu wengi walikuwa na jibu. Mkandaji alikuwa na swali. Aliwauliza makocha wa timu nyingine, aliwauliza waamuzi, aliwauliza watu kwenye matanga wakati kahawa inapitishwa. Padri alimwambia, "Papa, hili jambo tumwachie Mungu."

"Mon père, Mungu anajua jibu," akasema. "Nauliza weye juu weye njo iko karibu."

Alikuwa na mifano, na kila mfano uliharibu ule uliotangulia. Alisimulia timu ya Naviundu iliyoongoza kundi lake msimu mzima, ikapigwa manne kwa bila katika fainali, na Jumatatu kamati ikaiacha, ikaichukua timu ya pili ambayo Naviundu ilikuwa imeishinda mara mbili. Watu wa Naviundu walifika na ngoma mbele ya ofisi ya ligi, si kwa furaha. Ukisema, "Basi Mukubwa, fainali ni mbaya," alikukatiza. Na timu ya upande wa Karavia je, ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiitaja, ikashinda fainali, ikapata nafasi yake, ikafika mbali katika mchujo? Bila fainali nani angewaona? Ukisema, "Basi ni nzuri," alikuuliza ni wangapi kati ya wale wa Karavia walitembea vizuri mwezi uliofuata.

"Kikombe hakina muguu," alikuwa akisema. "Beye banaangalia kikombe. Miye naangalia nani atakibeba."

Mimi niliupenda mjadala ule lakini sikuupenda kama yeye. Mimi nilitaka jibu la kulitumia. Nilisoma mpaka sekondari, nilijua kuandika barua nzuri na kuzungumza mbele ya watu, na nilidhani kazi ya mjumbe ni kutojaribu bahati. Nilimwambia mara nyingi kwamba swali lisilo na jibu ni kazi ya watu wasio na kazi. Alicheka. "Delege, weye unapenda kufika," alisema. "Miye napenda njia."

Nafika sasa kwenye mwaka wenyewe, miaka kumi na moja iliyopita.

Tuliongoza kundi letu. Tulikuwa tumepoteza mechi mbili. Timu ya pili nayo ilikuwa imepoteza mbili. Nilikaa mezani kwangu nikaona wazi: tukipigwa katika fainali tutakuwa na tatu, wao watabaki na mbili, na kamati itawachukua wao. Kwa hesabu yangu fainali ilikuwa mlango mmoja tu, na ulikuwa ukifungwa.

Tulikuwa na kijana mmoja aliyebeba timu, aliyevaa namba kumi, na kila mtu alimwita hivyo, Namba Kumi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mnyamavu, fundi wa kutengeneza pikipiki. Jumamosi, siku moja kabla ya fainali, Mkandaji alimshika shavu la mguu wa kuume akakaa nalo muda mrefu. Kisha akaniita pembeni.

"Huyu apumuzike," akasema. "Iko na moto ndani. Mukimuacha kesho, katika mchujo atakuwa muzima."

"Mukubwa, kama hachezi kesho hakuna mchujo."

"Unajua?"

"Nimehesabu."

"Umehesabu comité. Mioyo ya bantu saba. Miye nimeshika muguu moja." Akanitazama kwa udadisi, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kitu. "Juu ya nini hesabu yako njo iko na nguvu kuliko mukono yangu?"

Nilikuwa nimeshika kalamu.

Jumapili tulibadilishia nguo katika darasa la shule iliyo jirani na uwanja. Nje kulikuwa na tarumbeta na ngoma za timu zote mbili. Mkandaji alipita kwa wachezaji kama kawaida, akafunga vitambaa. Alipofika kwa Namba Kumi alimshika tena, akasita. "Ngoja hapa," akamwambia. "Nitakushika tena nyuma ya bengine." Akaendelea. Kabla hajarudi, kipa alipiga kelele uani, alikuwa ameteguka kidole gumba katika kupasha mwili, na Mkandaji akatoka mbio na beseni lake.

Vitambaa vilibaki juu ya dawati. Nilichukua kimoja. Nilipiga magoti mbele ya Namba Kumi nikamwambia, "Papa amesema nikufunge. Mikono yake iko na mafuta." Kijana akanyoosha mguu. Alikuwa akitaka kucheza, na hakunishuku. Mimi nilikuwa mtu mzima, mjumbe, baba wa watoto wa umri wake. Nilifunga, akavuta soksi juu.

Kocha akaita kumi na mmoja. Walipokuwa wakitoka, Mkandaji alikuwa akirudi, na mlangoni akamshika Namba Kumi mkono. "Weye unaenda wapi?"

"Tayari, Papa." Kijana akashusha soksi, akamwonyesha kitambaa.

Nilikuwa nimesimama karibu yao, hatua mbili tu. Niliona jinsi alivyokitazama kitambaa, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, kwanza upande wa juu, halafu viganja. Akamwachia. Ningeweza kusema neno moja. Nilifunga mkoba wangu wa karatasi.

Namba Kumi alifunga goli katika kipindi cha kwanza, goli ambalo watu wanalisimulia mpaka leo. Katika kipindi cha pili alikuwa akikimbia peke yake, hakuna adui karibu, akaanguka kama aliyepigwa jiwe kwa nyuma. Mshipa mkubwa wa kisigino ulikuwa umekatika. Tulishinda moja kwa bila. Tulikibeba kikombe kupitia barabara, na yeye alikuwa amelala nyuma ya gari jingine.

Jumatatu, baada ya kikao cha kamati, mzee mmoja kati ya wale saba alinishika bega. "Delege, mulijisumbua bure jana," akasema. "Jina lenu lilikuwa ndani tangu siku mingi. Hata mungepigwa tungebachukua." Alisema hivyo kwa kunifurahisha. Katika mchujo tulicheza mechi tatu bila Namba Kumi, tukapoteza zote tatu.

Kisha uongozi wa timu ukakaa, Namba Kumi akiwa bado hospitali. Rais wa timu aliuliza nani alimfunga kitambaa mtu mwenye mguu mbovu. Mkandaji alisimama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kama siku za fainali. "Kitambaa ni yangu," akasema. "Sikumbuki kumufunga. Mais hakuna mwengine anafunga. Basi ni miye." Walimwuliza kama amezeeka. Alisema labda. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika yaliyosemwa. Niliandika: Mkandaji amekiri kosa lake. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Alifukuzwa siku ile. Sitaki kujitetea. Nilijiambia kwanza kwamba nitasema wiki ijayo, kisha nikajiambia kwamba amekwisha kuzoea, kisha nikajiambia kwamba alikuwa mzee na angeacha tu. Uongo wa kwanza ulichukua muda wa kufunga fundo. Ule mwingine ulinichukua miaka kumi na moja.

Nilikutana naye mara kwa mara, kanisani, matangani, kwenye harusi. Alinisalimia kwa upole. Nilichelewa kuona vitu viwili. Cha kwanza, alikuwa akisalimia kwa mkono mmoja, haraka, kama watu wote. Cha pili, hakuuliza tena swali lake. Vijana walipomwuliza kuhusu fainali, jambo ambalo zamani lingempa maneno ya saa nzima, alisema neno moja: "Inaharibu." Nilidhani ni uchungu wa kufukuzwa. Nilidhani amekuwa kama wazee wengine, watu wa jibu moja.

Mwaka huu timu yetu imeongoza kundi tena. Mjumbe wa sasa, mwalimu kijana mwenye adabu, alikuja kwangu wiki ya fainali. Walikuwa na wachezaji wawili waliochoka. Wengine walisema wapumzishwe kwa ajili ya mchujo, wengine walisema kamati haitawasamehe wakipigwa. "Papa, zamani mulikuwa munafanya namna gani?" akaniuliza. Nilimwambia nitamjibu kesho. Alhamisi mchana nilikwenda Hewa Bora, nyumbani kwa Mkandaji.

Nilimkuta kwenye baraza, mikono juu ya magoti. Binti yake, mwanamke mtu mzima sasa, alinipa kiti akarudi ndani. Nilimweleza shida ya vijana.

"Bapumuzike," akasema. "Finale inaharibu."

"Mukubwa, zamani ulikuwa unasema hujui."

"Zamani sikuwa najua."

"Na sasa unajuaje?"

Hapo akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Alisema alikuwa amewaza sana. Miguu huharibika katika mechi yoyote, alisema, hilo si la kushangaza. Lakini fainali ile ilimharibu hata yeye ambaye hachezi. "Jumamosi nilisikia moto. Jumapili nikamufunga. Katikati hakuna kintu kilibadilika, ila ngoma na tarumbeta. Njo kusema hata mukono yangu ilitaka kikombe. Ilisikia vile ilitaka kusikia. Kama finale inaweza kudanganya mukono ya muntu wa reli, itaacha nani?" Akaigeuza mikono yake juu ya magoti. "Tangu ile siku sijamushika muntu. Hata bajukuu. Mutoto akianguka namuita mama yake."

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya ushauri, au ndivyo nilivyojidanganya njiani. Nilikuwa nimefikiri kwamba nilimnyang'anya kazi. Sikuwa nimefikiri kwamba nilimnyang'anya mikono.

"Mukubwa," nikasema, "si wewe uliyemfunga. Ni mimi."

Hakugeuka. Nilimweleza yote: dawati, kitambaa, maneno niliyomwambia kijana, mlango, kalamu yangu katika kikao. Nilimweleza pia kwamba kamati ilikuwa imekwisha kutuandika, hata bila fainali. Sikuongeza kwamba ninasikitika, maana neno lenyewe lilionekana dogo mno, na nilimaliza nikiwa natazama sakafu ya baraza.

Nilingoja anifukuze. Aliuliza, "Ulimushika wapi?"

"Kwenye kifundo. Halafu kidogo juu, nikikaza."

"Na mukono yako ilisikia nini?"

Miaka kumi na moja sikuwa nimejiuliza. Lakini nilikumbuka mara moja, kama mtu aliyegusa sufuria. "Moto," nikasema. "Ulikuwa na moto, Mukubwa. Hata mimi niliusikia."

"Ulikuwa na moto Jumapili."

"Ndiyo."

"Kumbe." Alilisema polepole. Usoni mwake yakapita mambo mengi ambayo sina haki ya kuyaeleza. Hasira ilikuwemo, niliiona ikija na sikuiona ikienda. Kisha akasema, "Ile finale naitoa. Miaka yote nilikuwa naiweka kati ya zile zilizoharibu, na njo ilikuwa nzito kuliko zote. Sasa naitoa. Haikuwa finale, Delege. Ilikuwa weye."

"Ndiyo."

"Na zile zingine," akasema, akisimama, "sijui tena." Akamwita binti yake amletee viatu.

Namba Kumi ana karakana yake Naviundu, chini ya mabati, pikipiki nne zimefunguliwa vyuma. Tulipanda teksi. Anatembea akiuvuta mguu kidogo. Mtu asiyejua angedhani ni haraka ya kazi. Alimwona Mkandaji kwanza, akashangaa, akatafuta kitu cha kumkalisha, akapata sanduku la vifaa.

"Delege iko na kintu anataka kukuambia," Mkandaji akasema. "Miye nimesikia tayari. Sema vile uliniambia."

Nikasema. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Namba Kumi alinitazama usoni wakati wote, akijifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, kidole baada ya kidole, mpaka nikamaliza. Alimgeukia mzee.

"Papa, miaka yote nilikuwa nasema ni weye."

"Hata miye," Mkandaji akasema, "nilikuwa nasema ni miye."

Kijana akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Si kijana tena, ana mvi mbili tatu. Pikipiki ilipita barabarani, tukangoja ipite.

"Niambie kintu," Mkandaji akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya matangani, wakati kahawa inapitishwa. "Ile finale, kwa weye, ilikusaidia ao ilikuharibu?"

Nilidhani atakasirika. Namba Kumi aliutazama mguu wake. "Papa, ile goal njo ilinipatia jina. Bantu banakuya kutengeneza pikipiki hapa juu ya ile goal. Na muguu, njo ule." Akafikiri. "Sijui nikuambie nini."

"Njo vile. Hata miye, tangu leo mchana, sijui." Akasogea kwenye sanduku ili kijana apate nafasi, akauchukua ule mguu wa kuume, akauweka juu ya magoti yake, akapandisha suruali. Mikono yake ilisita juu ya kovu, kisha ikashuka. Mimi hakuna aliyeniambia nikae, na sikukaa.

"Niambie yote, anza na Jumamosi," alimwambia. "Polepole. Pale ulidanganywa, Delege atasahihisha."